Nani Hodari Vitani? Tafakuri Juu ya Hesabu za Mchezo

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na kuitia katika kila insha iliyohusu umoja, hata ikapoteza makali yake masikioni mwetu. Katika makala haya nakusudia kuirejelea kupitia njia ambayo huenda msomaji hakuitarajia, yaani hesabu ya mapigo katika mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Hoja yangu ni kwamba uhodari wa mhusika vitani haupimiki kwa kuhesabu mapigo ya mkono wake pekee, maadamu sehemu kubwa ya mapigo hayo ameyakopa kwa wenzake.

Kwa manufaa ya asiyeufahamu mchezo huu, ni bora nianze na asili yake. Ulichapishwa mwaka wa 1974 nchini Marekani na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, kupitia kampuni ndogo ya TSR ya mjini Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin. Hauna mshindi kama ulivyo mchezo wa bao au karata. Mtu mmoja huwa msimulizi, naye huwachorea wenzake ulimwengu wa mapango, majumba na mazimwi. Kila mmoja wa wale wengine humiliki mhusika mmoja na kuamua atakalotenda. Tendo lenye shaka huamuliwa na dadu, hususan dadu ya pande 20. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatakawia kuutambua mchezo huu kuwa jamaa ya utambaji wa ngano, ila hapa hadhira nayo ina haki ya kuipindua hadithi.

Hapo mwanzo palikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mtumiaji wa sihiri na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka wa 1975. Aina hizo nne ndizo zilizobaki kuwa nguzo za mchezo, na toleo la tano lilipotoka mwaka wa 2014, kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa bure kanuni za msingi zenye aina hizo nne pekee. Kanuni hizo ndizo tulizozichapisha sisi, wanafunzi watano wa chuo kikuu, tukawa tunacheza bwenini kila Jumapili alasiri. Dadu za pande 20 hatukuwa nazo. Tuliandika namba 1 hadi 20 juu ya vizibo vya soda, tukavitia katika mkebe wa majani chai, na kila kizibo kilichochotwa kilirudishwa mkebeni kabla ya mwingine kuchota, ili bahati ya kila mmoja iwe sawa. Mimi nilikuwa msimulizi. Sikuwa na mhusika wa kumtetea, na kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba niliyoyaona niliyaona kwa jicho la kando.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa istilahi, kama ilivyo desturi ya watu wa Kiswahili. Mpiganaji hakutupa shida, wala kasisi. Mwizi tulimwita mnyemelezi, kwani kazi yake kubwa ni kuvizia, na si kila aviziaye huiba. Shida ilikuwa ni yule mwenye sihiri. Mmoja wetu alipendekeza neno 'mchawi', mwingine akakataa katakata. Alisema kwamba katika lugha yetu mchawi hana wema wowote. Jina lenyewe ni hukumu, na huko kwao watu wamepoteza maisha kwa kuitwa hivyo. Mhusika wa mchezo huu hupata nguvu zake kwa kusoma vitabu usiku kucha. Basi tukaafikiana tumwite mwanasihiri, na maneno anayoyanuiza tukayaita matabano. Nayataja haya kwa sababu mzozo huo ulitufunza mapema kwamba jina humtangulia mtu na kumwamulia thamani yake. Baadaye namba zilikuja kufanya kazi hiyo hiyo.

Mwenzetu aliyecheza mwanasihiri alikuwa mwanafunzi wa takwimu. Wahusika wetu walipofika ngazi ya 5, alibandika ukutani karatasi yenye wastani wa madhara ambayo kila mmoja angeyaleta kwa zamu moja. Adui wa mfano alikuwa kizimwi kidogo chenye kinga 15 na alama 7 za uhai. Mpiganaji mwenye upanga wa mikono miwili hupiga mara mbili kwa zamu. Kila pigo lina nafasi 13 kati ya 20 za kumpata adui, na likimpata huleta madhara 11 kwa wastani. Jumla ni 14.3. Mnyemelezi hupiga mara moja tu, lakini pigo lake la kuvizia huleta 19, hivyo wastani wake ni 12.35. Mwanasihiri akirusha mwale wake wa kawaida hupata 7.15, ila akiachilia tufe la moto, humchoma kila adui aliye ndani yake kwa wastani wa 22.4. Kasisi, kwa mwanga wake mtakatifu, alipata 5.4. (Ile nyongeza ya madhara ipatikanayo dadu ikiangukia 20 iliachwa kando ili hesabu isiwe na utata.)

Hesabu hizo zilikuwa sahihi. Mimi mwenyewe nilizirudia, nisione kosa. Hata hivyo, karatasi ile ilitaka kutuvunjia baraza. Dada aliyecheza kasisi alianza kuulizwa, kwanza kwa utani na kisha bila utani, kwa nini asibadilishe mhusika ili tuwe na wanasihiri wawili. Jumapili moja aliambiwa kwamba anatupotezea zamu. Akajibu kwa upole, "Basi mimi nitakuwa nikipika chai, nyinyi mpigane." Jumapili iliyofuata hakuja. Mchezo uliendelea bila yeye, na katika pigano la pili mpiganaji alianguka asiinuke.

Ndipo nilipoketi na kalamu na kuzisoma kanuni upya, nikitafuta yale ambayo karatasi ile haikuyasema.

La kwanza lilimhusu mnyemelezi. Katika madhara yake 19, ni 8.5 tu yanayotoka katika silaha na wepesi wake. Yale mengine 10.5 ni ya kuvizia, na kanuni zinasema hayapatikani isipokuwa mnyemelezi ana fursa ya upendeleo, kwa mfano anapojificha asionekane, au adui wa mlengwa awe amesimama hatua moja kutoka kwake. Mezani petu, adui huyo karibu kila mara alikuwa mpiganaji. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya uhodari wa mnyemelezi, takribani 6.8 kwa zamu, ilisimama juu ya miguu ya mtu mwingine. Karatasi iliyaandika madhara hayo yote kwa jina la mnyemelezi.

La pili lilimhusu mwanasihiri. Katika ngazi ya 5 anaweza kurusha tufe la moto mara mbili kwa siku, na mara ya tatu akipata mapumziko mafupi. Mwongozo wa msimulizi wa mwaka wa 2014 ulikadiria kwamba siku moja ya safari inaweza kubeba mapambano 6 hadi 8 ya wastani au magumu. Nikachukua mapambano 6 ya zamu 3, yaani zamu 18. Mpiganaji angepata 257.4. Mwanasihiri, kama kila tufe lingewanasa maadui wawili, angepata 241.65 na kushindwa na mpiganaji. Kama lingewanasa watatu, angepata 308.85 na kumpita. Taji lilitegemea adui mmoja wa ziada ndani ya duara lenye nusukipenyo cha futi 20. Je, ni nani aliyewafanya maadui wasongamane pamoja? Ni yule aliyesimama mlangoni akawazuia wasipite. Isitoshe, tufe likiviangukia vizimwi vinne, karatasi huhesabu madhara 89.6, ilhali uhai wote uliokuwapo ni alama 28. Namba kubwa mara nyingine ni moto uliowaka juu ya majivu.

La tatu lilimhusu kasisi. Ana tabano liitwalo Baraka, ambalo huwaongezea wenzake watatu dadu ya pande nne katika kila jaribio la kupiga. Wastani wa dadu hiyo ni 2.5, sawa na asilimia 12.5 ya nafasi ya kumpata adui. Kwa mpiganaji hiyo ni nyongeza ya madhara 2.75 kwa zamu, kwa mnyemelezi 2.375, na kwa mwale wa mwanasihiri 1.375. Jumla yake ni 6.5, nayo inazidi zile 5.4 za kasisi mwenyewe. Tabano hilo hunuizwa mara moja na huweza kudumu dakika nzima mradi asipoteze makini. Katika pambano la zamu 3, kasisi anayepiga tu huleta 16.2. Akianza kwa Baraka kisha akapiga zamu mbili zilizobaki, huleta 30.3. Karatasi ya ukutani ingempa 10.8 tu kati ya hizo, na zile 19.5 ingewagawia wenzake, nao wangejipiga kifua.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kasisi ghafla akawa wa kwanza. Kwa zamu moja, 30.3 ni sawa na 10.1, na mnyemelezi bado alikuwa mbele. Lakini hatujahesabu uponyaji. Kasisi huweza kumwinua aliyeanguka kwa neno moja kutoka mbali, na bado akapiga kwa mwanga wake katika zamu hiyo hiyo. Mpiganaji akiinuliwa akapata zamu moja tu, hurudisha 14.3 zake pamoja na zile 6.8 za mnyemelezi. Yaani neno hilo moja lina thamani ya 21.1. Tukilijumlisha, pambano lile la zamu 3 humpa kasisi 51.4, au 17.1 kwa zamu. Hapo hakuna aliyemkaribia, ila mwenye tufe la moto siku zake za neema.

Suala hili haliwahusu vijana wa bwenini peke yao. Waundaji wa mchezo wenyewe wamehangaika nalo. Katika toleo la tatu, lililotoka mwaka wa 2000, malalamiko makubwa ya wachezaji yalikuwa kwamba mpiganaji hupanda ngazi kwa hatua ilhali mwanasihiri hupanda kwa kuruka. Toleo la nne la mwaka wa 2008 lilijaribu kuwasawazisha wote kwa kuwapa mbinu zilizopangwa kwa mtindo mmoja, na kila aina ikakabidhiwa wajibu wake katika kundi. Wengi wakanung'unika kwamba sasa wahusika wamefanana mno, na toleo la tano likarudisha tofauti. Nasoma historia hiyo kama ushahidi kwamba usawa wa namba na usawa wa thamani ni vitu viwili.

Sisi wa Kiswahili tunalo funzo hili nyumbani. Tukimtaja shujaa, ulimi hukimbilia kwa Fumo Liyongo, jabali la uwanda wa Pate na Ozi. Lakini tukumbuke alivyotoka gerezani. Mama yake alioka mkate wa wishwa akaficha tupa ndani yake. Kijakazi Saada akaupeleka. Walinzi wakala vyakula vizuri na kuudharau mkate huo. Na wacheza gungu wakapiga ngoma na kuimba hadi mlio wa tupa ukamezwa na kelele. Angekuwapo wa kubandika karatasi ukutani siku ile, Saada angeandikiwa sufuri. Hakumpiga mtu hata kofi. Mwondoe Saada katika kisa, uone Liyongo anabaki wapi.

Kumwondoa mtu katika kisa ndiyo njia ya kupima ninayoipendekeza. Badala ya kuuliza mhusika fulani ameleta madhara kiasi gani, tumtoe mezani kwa fikra, kisha tuhesabu upya namba za wote waliobaki. Pengo litakaloonekana ndilo kimo chake. Mpiganaji akitoka hatupotezi 14.3 bali 21.1, na mlango unabaki wazi. Kasisi akitoka, kila namba ya jirani yake hushuka.

Niliyaandika haya kwa muhtasari, nikayabandika chini ya karatasi ya kwanza bila kuing'oa. Mwenzetu wa takwimu aliyasoma akiwa amesimama, akatafuta kosa, kisha akachukua simu yake akatoka nje kumpigia dada yule. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba Jumapili ile dada alikuja amechelewa, akauliza kama kiti chake bado kipo, na pambano lilipoanza akachota kizibo cha kwanza. Chai siku hiyo ilipikwa na mwanasihiri, na ilikuwa na sukari nyingi kupita kiasi.

Mwenye hesabu nyingine, au hoja ya kunikosoa, namkaribisha aiandike. Ila nitamwomba jambo moja: kabla ya kutuambia nani ni dhaifu, atuonyeshe kwanza ni wangapi wameegemea bega la huyo dhaifu.