Uzito wa Mti na Bega la Mpigaji

Gitaa la umeme lenye kiwiliwili cha mti mtupu, lisilo na uvungu ndani yake, halikuzaliwa katika nchi yetu. Lakini limekaa nasi muda mrefu kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji. Bendi zetu za dansi zimelitumia kwa miongo mingi, na kwa sauti yake watu wameoana, wamefarijiana na wameonyana. Hivyo basi si vibaya, tunapouzungumzia utamaduni wa taifa, tuulize jambo ambalo mcheza dansi haliulizi: gitaa lile lina uzito gani, na nani aliyeuchagua uzito huo?

Katika udi wa taarabu, fundi huunganisha vipande vyembamba vya mti kufanya tumbo, kisha huliziba kwa ubao mwepesi. Ubao huo ndio utetemao na kuitoa sauti, kwa hiyo fundi hupunguza, tena hupunguza, mpaka abaki na kile tu kisichoweza kupunguzwa. Gitaa la mti mtupu lina tabia nyingine. Waya za chuma hutetemeka juu ya sumaku, mtetemo ukageuka umeme, na umeme ukapelekwa kwenye kikuza sauti. Leo Fender alipoanza kuuza magitaa ya namna hiyo mwaka 1950, huko California, Marekani, kiwiliwili chake kilikuwa ubao uliokatwa kwa msumeno. Mwaka 1952 kampuni ya Gibson ikatoa lake lililopewa jina la mpigaji Les Paul, la mti wa mahogani wenye kifuniko cha mti mgumu uitwao mepo. Kwa kuwa mti haukutwishwa tena kazi ya kuitoa sauti peke yake, mtu angeweza kudhani kwamba uzito wake si kitu. Sivyo hata kidogo.

Natufanye hesabu ya seremala. Kiwiliwili cha gitaa la Fender la aina ya Telecaster kina unene wa sentimeta 4.5 hivi, na mti uliomo, baada ya kuchimbwa nafasi za sumaku na nyaya, ni kiasi cha sentimeta za ujazo 3,800. Mti uitwao alda, uliotumiwa sana na mafundi wa Marekani tangu katikati ya miaka ya 1950, una uzito wa kilo 450 hivi kwa kila meta ya ujazo. Kwa hiyo kiwiliwili chake hakifiki kilo 2. Mninga wetu hukaribia kilo 640, nao utatoa kiwiliwili cha kilo 2.4. Mpingo huzidi kilo 1,200, hata ukitupwa majini huzama. Kiwiliwili cha mpingo kingepita kilo 4.5 kabla ya kutiwa shingo, vikazio na vyuma, ambavyo huongeza kama kilo moja na nusu.

Lakini fundi mwenye busara hauamini mti kwa jina lake. Mbao mbili za jina moja, hata za gogo moja, huweza kutofautiana sana. Mti wa ashi ni mfano mzuri: ule uliomea katika mabonde yanayofurika maji kusini mwa Marekani ni mwepesi, hali ndugu yake wa nyanda za kaskazini ni mzito kama mninga au kuuzidi. Ndiyo maana fundi hupima urefu, upana na unene wa kila ubao, akauweka kwenye mizani, akagawanya uzito kwa ujazo. Tena hafanyi hivyo ubao ukiwa mbichi, maana atakuwa anapima maji. Huukausha mpaka uzito uache kushuka, ndipo aamue.

Wapo wasemao kwamba mti mzito huifanya sauti idumu, na wapo waapao kwamba mwepesi ndio wenye uhai. Mabishano hayo tumeyasikia miaka mingi, wala hatudhani yatakoma, kwani sumaku, waya na mkono wa mpigaji nazo zina sauti zao, na si rahisi kuitenga ya mti peke yake. Lisilo na ubishi ni bega. Katika miaka ya 1970 yalitengenezwa Marekani magitaa mengi mazito, mengine yakipita kilo 5, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Gibson wakaanza kutoboa matundu ndani ya viwiliwili vya baadhi ya magitaa yao ili kupunguza mzigo. Wala wepesi uliokithiri si dawa. Kiwiliwili kikiwa chepesi kuliko inavyofaa, shingo huelemea chini, na mkono wa kushoto, badala ya kutafuta sauti, hugeuka kuwa mhimili.

Sisi tuliosimama jukwaani tangu jioni hadi majogoo tunalijua jambo hili kwa miili yetu. Bendi nyingi za nchi yetu zilikuwa za vyama, mashirika na majeshi, na vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji alikabidhiwa gitaa kama askari anavyokabidhiwa bunduki, na hakuulizwa kama linamfaa. Tumewaona wenzetu wakikunja taulo na kuliweka chini ya mkanda, wakitabasamu mbele ya watu huku mgongo ukiwaka moto. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeuchagua uzito ule alikuwa mbali, wala hakuubeba.

Hapana budi basi mafundi wetu wapewe nafasi ya kuchagua. Mkangazi, ambao ni wa ukoo mmoja na mahogani wa Amerika, aghalabu huwa kati ya kilo 500 na 600 kwa meta ya ujazo, nao wafaa sana kwa kiwiliwili. Mninga ufuate kwa mpigaji aridhikaye na uzito zaidi, tena zichaguliwe mbao zake zilizo nyepesi. Mpingo, mti wa taifa letu, uwekwe pale unapostahili: kwenye ubao mwembamba wa shingo unaosuguliwa na vidole na waya usiku kucha. Mti huo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia kimo cha kuvunwa, na tangu mwaka 2017 biashara yake kati ya mataifa imewekewa masharti. Kuutumia kwa kiwiliwili ni kuupoteza mti na kumwonea mpigaji kwa pamoja.

Elimu ya uzito si ngeni kwetu. Seremala wa kijijini huinua ubao kwa ncha moja, akaugonga kwa kidole, akasikiliza, ndipo aseme huu ni wa mlango na huu ni wa kitanda. Kinachotakiwa ni kuiongezea elimu hiyo mizani na daftari, kisha kumwita mpigaji karakanani na kumpimia bega lake kabla msumeno haujaugusa mti.