Betri ya Kuwashia Gari



Nilikuwa nimelala garini katika kigango kimoja kati ya Kasulu na Kibondo, baada ya katekesi ya siku mbili. Kigango hakina umeme. Taa, kipaza sauti na simu za waamini vyote vilitegemea betri ya gari langu. Sikumkatalia mtu. Usiku wa manane nikaitwa kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, ng'ambo ya bonde. Nikageuza ufunguo: kimya. Tulisukuma gari matopeni tukashindwa, nikaenda kwa miguu. Nilipofika, mama yule alikuwa ameshafariki. Nilisali na wafiwa, lakini moyo ulinihukumu.

Fundi alinielimisha: betri ya kuwashia gari hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi; haikuundwa kukesha na taa. Sasa ninayo betri ya pili, inayochajiwa kwa umeme wa jua, na ile ya kwanza haiguswi.

Zamani niliwaona wale wanawali watano waliokataa kugawa mafuta kuwa wachoyo. Kumbe ipo akiba isiyo mali yetu: ni ya yule atakayetuita usiku. Kwangu mimi padre, akiba hiyo ni sala. Kwako wewe mzazi, ni ipi?

Nawatakieni Dominika njema.