Mji Uliokula Ukitembea

Wuhan ni miji mitatu iliyounganishwa ikawa mmoja: Hankou, Hanyang na Wuchang, inayotazamana pale mto Han unapoingia katika Yangtze. Kwa karne nyingi watu wake waliishi kwa bandari. Mashua zilileta mchele, chai na pamba, na wachukuzi wakaanza kuzipakua kabla jua halijachomoza. Mchukuzi hana muda wa kupika asubuhi, wala hana pa kukaa. Anataka kitu cha moto, cha bei ndogo, kitakachomshika mpaka mchana, na kinacholika njiani. Mji mzima ukazoea kula hivyo. Nilipofika huko kusoma, mwanzoni mwa miaka ya 2000, bandari ilikuwa imeshapungukiwa makali, lakini tumbo la mji lilikuwa bado tumbo la mchukuzi.

Mfalme wa asubuhi alikuwa reganmian, tambi kavu za moto. Unga wa ngano hukandwa na magadi kidogo, ndiyo maana tambi zake zina rangi ya manjano na hazilegei upesi. Huchemshwa mapema hadi zikakaribia kuiva, zikaopolewa, zikamwagwa juu ya ubao mpana, zikatiwa mafuta huku zikipepewa na kupekuliwa zisigandane. Asubuhi kazi iliyobaki haifiki dakika moja: tambi za kutosha bakuli moja zinaingia katika kichujio cha mianzi, zinachovywa kwenye maji yanayotokota, zinakung'utwa. Kisha mkono wa muuzaji unapita juu ya makopo yake bila macho kuufuata: ufuta uliosagwa ukawa uji mzito, mchuzi wa soya, pilipili manga nyeupe, figili za achari zilizokatwakatwa, majani ya vitunguu, na pilipili kali kwa anayeitaka. Unapokea, unavuruga haraka kabla ufuta haujashikamana, unaondoka.

Wanaosimulia asili ya chakula hiki humtaja mchuuzi wa Hankou aliyemwaga mafuta ya ufuta juu ya tambi zake kwa bahati mbaya, miaka ya 1930. Kila mji wenye chakula maarufu una hadithi ya namna hiyo, nami siipingi. Ila anayeijua Wuhan ya mwezi wa Julai, pale watu walipokuwa wakitoa vitanda vya mianzi na kulala barabarani kwa joto, atakuwa na sababu yake nyingine. Tambi mbichi hazikuwa na uhai mrefu katika joto lile. Zilizochemshwa na kutiwa mafuta zilivumilia.

Nyuma ya geti la chuo palikuwa na uchochoro usiopitika kwa gari. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mvuke uliujaza kiasi kwamba watu ulikuwa ukiwatambua kwa sauti. Hapa tambi, pale mianwo ikiogelea kwenye mafuta. Hiyo ni ya mchele na soya iliyosagwa pamoja, na vitunguu na tangawizi ndani, hukaangwa kwenye upawa wenye kinundu katikati, hata ukingo ukatoka mnene na laini, na kitovu kikatoka chembamba, kinavunjika mdomoni. Kwangu mimi niliyekulia Tanga, ilikuwa binamu wa kitumbua aliyekataa sukari. Mbele kidogo palikuwa na doupi, ngozi nyembamba ya choroko na mchele iliyopakwa yai, ikafunika wali wa kunata uliochanganywa na uyoga, machipukizi ya mianzi na nyama ya nguruwe. Hiyo sikuila, lakini nilipenda kusimama nikimwangalia mpishi akiigeuza nzima nzima kwenye karai pana bila kuipasua. Wenyeji walinihakikishia kuwa ya kweli iko Laotongcheng, mkahawa wa Hankou ambao Mao Zedong alikula doupi yake mwaka 1958, na kwamba nisihangaike na za uchochoroni. Walisema hivyo huku wakinunua za uchochoroni.

Bakuli lilivikwa mfuko mwembamba wa plastiki. Mteja akimaliza, mfuko unavuliwa na kutupwa, bakuli linavikwa mwingine, kwa kuwa bomba la maji lilikuwa mbali. Bei ilikuwa yuan moja na senti kidogo juu yake. Viti vilikuwa vichache, na hakuna aliyevigombania. Mhadhiri mwenye tai, fundi ujenzi mwenye saruji kwenye viatu, bibi aliyetoka sokoni, wote walikula wamesimama bega kwa bega, wengine wakaendelea kula kituoni, wengine ndani ya basi. Nilimwona mtu akivuka barabara ya njia sita na bakuli kidevuni, na hakuna aliyemshangaa isipokuwa mimi.

Muuzaji wangu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukaripia, na watu wa Wuhan hukaripia hata wanapokusalimu. Nilimwita ayi, kama wanavyoitwa wanawake walio rika la mama zetu. Aliniona navuruga tambi polepole, akaninyang'anya vijiti akavuruga mwenyewe. Ramadhani ya miaka ile iliangukia majira ya baridi, na alipoelewa kwa nini mgeni huyu hafiki tena saa moja asubuhi, akawa ananifungia bakuli langu kabla ya adhana, jiko lake likiwa ndiyo kwanza linashika moto. Hakuniuliza mambo ya dini. Aliuliza tu kama hata maji hatunywi, akatikisa kichwa, akaongeza ufuta.

Niliporudi baada ya miaka mingi, uchochoro haukuwepo. Pamesimama jengo la maduka, na chini yake inapita treni ya jiji, ambayo tangu mwaka 2012 huvuka Yangtze kwa handaki. Safari iliyokuwa ikinilia nusu ya asubuhi kwa basi na kivuko sasa ni ya dakika chache. Reganmian ipo, ghorofa ya chini kabisa, kati ya duka la kahawa na duka la simu. Meza zinang'aa, vyombo vinaoshwa, bei imepanda mara kadhaa, na malipo ni ya kuelekeza simu kwenye mraba wa alama nyeusi na nyeupe. Mpishi yuko nyuma ya ukuta. Nilikula nikiwa nimekaa. Ladha haikuwa na kasoro niliyoweza kuitaja.

Nikaenda Hubu, ule uchochoro wa Wuchang ambao jiji liliukarabati kuwa maonyesho ya kifungua kinywa chake. Mianwo zipo, doupi zipo, lakini foleni ndefu zaidi ilikuwa ya mishikaki ya ngisi, ile ile inayouzwa katika kila mtaa wa watalii wa China. Nimetoka pwani kwenda kulishwa ngisi kwenye mji ulio mamia ya kilomita kutoka baharini! Mtaa wa Jiqing nao, ambako zamani walaji wa usiku walikaa nje huku wapiga vinanda na wauza maua wakipita kati ya meza, ulibomolewa ukajengwa upya kwa mpangilio. Riwaya ya Chi Li, Shenghuo Xiu, iliyotoka mwaka 2000, ilimfanya muuza shingo za bata wa mtaa ule ajulikane nchi nzima. Leo shingo hizo hufungwa kwenye pakiti zisizo na hewa, na kampuni moja ya Wuhan inayoziuza, Zhou Hei Ya, iliingia soko la hisa la Hong Kong mwaka 2016.

Mji haujakisahau chakula chake. Ulipofungwa kwa siku 76 kwa sababu ya korona, kuanzia tarehe 23 Januari 2020 hadi 8 Aprili, ulisambaa mchoro mmoja uliowaliza Wachina wengi: bakuli la reganmian limelazwa hospitali, na vyakula vya mikoa mingine vimekusanyika nje ya kioo kulitia moyo. Milango ilipofunguliwa, watu walipanga foleni wakiwa na barakoa, wakarudi na mabakuli yao mikononi. Kwa hiyo kilichopotea si chakula. Kilichopotea ni ile asubuhi ya wote, ambayo haikuwa na mlango wala paa, na ambayo mgambo wa jiji walikuwa wakiifukuza kidogo kidogo, mkokoteni kwa mkokoteni, hata kabla ya wajenzi kufika.

Niliwahi kuililia asubuhi hiyo mbele ya ayi mwenyewe. Tulikutana tena kupitia mwanawe, ambaye sasa ni mhandisi wa programu upande wa mashariki wa jiji. Mama huyo anaishi ghorofani, magoti yanamsumbua, na bado anakaripia. Nilimweleza jinsi ninavyoukumbuka uchochoro, mvuke wake, watu wake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama najua alikuwa akiamka saa ngapi. Saa nane za usiku, akajibu mwenyewe, mvua au theluji, na mikono ndani ya maji ya moto. Mwanawe hajui kuchemsha tambi, akasema, na alilisema hilo kwa majivuno, kama mzazi mwingine anavyotaja shahada.

Tangu siku hiyo majuto yangu yamepungua sauti. Mgambo wana hesabu yao ya kutoa, na jiji linaloweka ngisi mahali pa mianwo lina yake. Lakini wapo wapishi ambao hawakufukuzwa na mtu. Waliuza tambi ili watoto wao wasiziuze, na bakuli nililokuwa nikilipokea kwa yuan moja na senti lilikuwa, kwa upande wao wa sufuria, karo ya shule. Wanaoililia asubuhi ile ni sisi tuliokuwa tukila. Ningeweza kuurudisha uchochoro ule, ingenibidi nimrudishe na yeye saa nane za usiku mbele ya maji yanayotokota. Kwa bei hiyo, siutaki.