Tutafutieni wa Kutufunga

Novemba 2019, jijini Dar es Salaam, Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, waliwachapa Djibouti mabao 12 kwa nunge katika mashindano ya CECAFA ya wanawake. Kenya ikasonga hadi fainali, ikawafunga wenyeji Tanzania 2-0, mabao yote mawili ya Jentrix Shikangwa, na kombe likaja nyumbani. Huku Rhamu, Kaunti ya Mandera, habari tuliipata kwa simu. Wasichana ninaowafundisha kandanda walipiga vigelegele, kisha mmoja akaniuliza: “Mwalimu, hao wa Djibouti waliofungwa wanaitwa nani?” Nikatafuta orodha ya kikosi, nikawasomea. Yalikuwa majina kama ya rejista yangu ya asubuhi. Vigelegele vikapungua. Walikuwa wameshangilia timu yao, na waliofungwa nao wakawa kama ndugu zao.

Watu waliwacheka sana wale wasichana wa Djibouti. Mwaka 2006, katika mechi yao ya kwanza ya kimataifa, walikuja Nairobi wakafungwa na Kenya hii hii 7-0. Miaka 13 baadaye wanafungwa 12. Mwenye kupenda dhihaka atasema wanarudi nyuma. Mimi nafundisha mpira mahali ambapo mpira wa msichana huanza kwa ruhusa, na hesabu yangu ni nyingine. Ili ufungwe mabao 12 Dar es Salaam, lazima kwanza uwe umefika Dar es Salaam. Uwe na wachezaji 11 na wa akiba, wenye pasipoti, waliosafiri kwa baraka za baba zao, na shirikisho lililokubali kulipia safari ya kwenda kufungwa. Sisi hatuna hata mtu wa kutufunga.

Djibouti ni nchi ya watu wapatao milioni moja. Sensa yetu ya 2019 iliipa Kaunti ya Mandera watu 867,457. Ukijumlisha Wajir na Garissa, Kaskazini Mashariki inakaribia milioni mbili na nusu, zaidi ya Djibouti mara mbili. Kama tungekuwa nchi, tungekuwa na timu ya taifa ya wanawake. Ingekuwa mbovu, ingefungwa na kila jirani, lakini ingekuwepo, na msichana wa hapa angejua kuna jezi inayomngoja. Kwa kuwa sisi ni Kenya, na tunajivunia kuwa Kenya, anayetoka hapa anashindania nafasi na wasichana wa shule za Butere na Wiyeta ambao hadi kufikia miaka 15 wamecheza mechi nyingi kuliko watakazocheza wetu maisha yao yote.

Nieleze tunavyocheza.

Uwanja wetu uko ndani ya ukuta wa shule. Wavulana wanacheza nje, upande wa kwenda Mto Dawa, mahali ambapo kila apitaye na punda wa maji anaweza kusimama kutazama, na ndiyo sababu hatuchezi huko. Milingoti ni ya miti ya mgunga. Mstari tunachora kwa majivu. Adui mkubwa wa mpira hapa ni mathenge, ule mti ulioletwa nchini kuzuia jangwa ukaamua kuwa jangwa lenyewe. Mwiba wake unatoboa tairi la pikipiki, sembuse mpira. Ukitoboka tunaupeleka kwa fundi wa pancha karibu na stendi. Anafumua mshono kwa wembe, anavuta mpira wa ndani, anauzamisha kwenye karai la maji kutafuta mapovu, anakwaruza kwa msasa, anapaka gundi, anabandika kiraka kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, kisha anashona upya kwa uzi wa viatu. Mpira unarudi na nundu. Hauviringiki sawa, unapinda unavyotaka wenyewe, na wasichana wangu wamezoea kuusoma. Tulipopewa mpira mpya na mfadhili mmoja walilalamika wiki nzima kwamba ni mtiifu mno, haubadilishi njia.

Muda ndio mgumu zaidi. Mchana jua la Rhamu halichezeki. Baada ya alasiri kuna duksi, yaani chuo cha Qurani, na baada ya duksi kuna magharibi, na kati yake kuna maji ya kuteka na ndugu wadogo wa kuangalia. Nilikwenda kwa mwalimu wa duksi, nikaketi ukumbini kwake, tukazungumza kwa heshima kuhusu mengine yote kabla ya kufika kwenye mpira. Hakupinga. Aliuliza tu kama nitawatoa wakati wa Qurani, nikamwambia hapana. Basi tunafanya mazoezi Alhamisi jioni na Ijumaa baada ya alasiri, duksi ikiwa imefungwa. Timu nyingine zinafanya mazoezi kila siku. Sisi tunasubiri Alhamisi.

Kuhusu mavazi watu wa mbali huuliza sana, na kwetu ni jambo lililokwisha. Halikwisha bure lakini. Juni 2011 wasichana wa Iran walikuwa uwanjani Amman, Jordan, tayari kwa mechi ya kufuzu Olimpiki, wakazuiwa kucheza kwa sababu ya vitambaa vya kichwa. Marufuku hiyo ya FIFA ilianza kutajwa wazi 2007, ikalegezwa kwa majaribio 2012, na ikaondolewa rasmi Machi 2014. Kabla ya kulegezwa, hata kama Mungu angetuteremshia mchezaji wa kiwango cha Ulaya, sheria yenyewe ya mchezo ingemsimamisha mlangoni. Wanaosema dini ndiyo iliyowazuia wasichana wetu wasisahau kwamba kwa miaka hiyo aliyefunga mlango alikuwa na makao yake Zurich.

Hijabu ya dukani haifai kwa mpira. Ina pini, na pini na mpira wa kichwa haviwezi kukaa pamoja. Fundi cherehani wetu, mama mmoja sokoni, hushona kwa kitambaa cha jezi, anatia lastiki kisogoni, na mikia anaikata mifupi ili iingie ndani ya shati. Ikivutwa na mpinzani inachomoka mara moja, haimkabi mtoto shingo. Chini yake kuna kofia laini iliyobana nywele, kwa hiyo hata ikichomoka hakuna lililofunuliwa, na msichana anaendelea kukimbia badala ya kujikunyata katikati ya uwanja. Ile kofia ndiyo iliyobadilisha uchezaji wetu. Kabla yake beki wangu wa kati alikuwa harukii mpira wa kona. Mkono mmoja ulikuwa kichwani daima.

Picha ninayoiweka kwenye simu ni ya Nouhaila Benzina wa Morocco. Tarehe 30 Julai 2023, huko Adelaide, Australia, alikuwa mchezaji wa kwanza kuvaa hijabu katika Kombe la Dunia la wanawake la timu za wakubwa, na siku hiyo Morocco iliifunga Korea Kusini 1-0. Nyingine ni ya Jawahir Roble, Msomali aliyekimbia vita Mogadishu akiwa mtoto, akawa mwamuzi Uingereza, anapuliza kipenga na hijabu yake na wanaume wanamtii. Hizi picha ni za kuwaonyesha akina baba. Watoto wenyewe hawazihitaji.

Na hapo kwa akina baba nina neno. Mashirika yakija kutufunza yanatuletea hotuba za haki ya mtoto wa kike. Hotuba ni nzuri, lakini baba wa Rhamu haulizi haki, anauliza gari. Mzee mmoja, mfugaji, alikuja shuleni baada ya kusikia jina la bintiye liko kwenye orodha ya kwenda Mandera mjini. Akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, fimbo magotini.

“Mwalimu, nilikuletea mtoto asome.”

“Anasoma, mzee. Hisabati ni wa pili darasani.”

“Huko Mandera mtalala wapi?”

Nikamwambia. Akauliza nani atalala nao chumba kimoja, dereva ni mtoto wa nani, gari litatoka saa ngapi, litaongozana na eskoti ya polisi au la. Nilikuwa na jibu la kila swali, kwa sababu najua barabara hiyo kama yeye. Tumezika watu waliouawa kwenye barabara hiyo. Mwisho akasema, “Basi aende. Arudi na wenzake.” Neno mpira halikutoka kinywani mwake hata mara moja, na sikumlazimisha.

Wakili Fatuma Abdulkadir Adan alifanya jambo la namna hii Marsabit, miaka kabla yetu: alitumia kandanda kuwaketisha pamoja vijana wa jamii zilizokuwa zikiuana, na wasichana wakaingia uwanjani humo humo. Rhamu nayo imeonja mapigano ya koo, hasa 2012 hadi 2014, na nisingependa kudanganya kwamba mpira ulituponya. Ninachoweza kusema ni kwamba katika timu yangu pasi haiulizi ukoo. Anayeuliza anakaa benchi.

Kisha kuna karatasi. Mashindano ya shule yanataka cheti cha kuzaliwa. Wengi wa watoto hawa wamezaliwa nyumbani, mkononi mwa mkunga, na wengine ng'ambo ya mto kwa shangazi, upande wa Ethiopia, mama akiwa amekwenda kwao kujifungua. Mtoto akifika miaka 18 anaanza safari ya kitambulisho. Kwetu Kaskazini Mashariki safari hiyo kwa miaka mingi ilipita mbele ya kamati ya uhakiki, ambako Mkenya alithibitisha kwa wazee na maafisa kwamba si mgeni. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kwamba uhakiki huo umekwisha. Tulishangilia kweli. Lakini winga wangu mwenye kasi kuliko wote alikuwa amemaliza kidato cha nne zamani. Kitambulisho kilipomfikia alikuwa anauza vitunguu vya mashamba ya mtoni, na miguu ilikuwa imepoa. Bila kitambulisho hupati pasipoti, na timu ya taifa hupanda ndege. Huyo winga hakukataliwa na kocha yeyote. Hakuna kocha aliyewahi kumwona.

Oktoba 2024 wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 17, chini ya kocha Mildred Cheche, walicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, wakawafunga Mexico 2-1. Nao Starlets wakubwa, Oktoba 2025, waliitoa Gambia na kufuzu kurudi Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu 2016. Wasichana wangu wanawajua kwa majina na namba za jezi. Furaha ni yao kama ya mtu wa Kakamega. Ila nikitazama vikosi hivyo natafuta jina moja la kutoka ng'ambo ya Mto Tana, na nikilikosa sitafuti mchawi. Nahesabu mechi.

Ombi langu kwa kaunti na kwa chama cha michezo ya shule si uwanja wa nyasi. Nyasi hapa zitaliwa na mbuzi kabla ya kipenga cha kwanza. Nataka ratiba. Tucheze na Mandera mjini, Elwak na Takaba, tukutane nyumbani na ugenini, kila muhula na si ule wa mashindano peke yake. Walete Wajir. Walete hata shule moja ya magharibi ije itufunge 12, maana kipa wangu atajifunza zaidi kwa mabao 12 ya watu wanaojua kuliko kwa miaka miwili ya kurushiwa mpira na mimi. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoujaza uwanja wetu mahema ya waliokimbia maji, hatukukosa mechi hata moja. Hakukuwa na mechi ya kukosa.

Mchezo wa kirafiki na wasichana wa Mandera mjini umepangwa Ijumaa ya kwanza baada ya mitihani. Gari limepatikana, dereva anajulikana, fundi amemaliza hijabu za rangi ya jezi. Kipa bado hana cheti cha kuzaliwa, lakini katika mechi ya kirafiki hakuna anayekiuliza.