Mzimu Uliomezwa na Wino

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia hapa Picha ya Ndege, Kibaha, akitokea Kisarawe na daftari kubwa la michoro. Baada ya shikamoo na chai alilifungua mezani. Ilikuwa hadithi ya kutisha ya kurasa 32: wachoma mkaa watatu wanaingia usiku katika msitu wa Kazimzumbwi, wanaangusha mti wa mzimu, na mzimu unawawinda mmoja mmoja hadi kwenye mapango ya popo ya Pugu, yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini.

Kisa kilinishika. Nilipofika ukurasa wa 19 nikakwama. Maneno yalisema mzimu umetokea, lakini mimi niliona wino mtupu. Nililigeuza daftari huku na huku. Sikujua mkono ni upi na tawi ni lipi, wala nani amekamatwa.

"Mjomba, ni usiku," alisema, kwa sauti ya mtu anayejitetea kabla ya kushtakiwa.

Nilikumbuka utoto wangu Maneromango, mwishoni mwa miaka ya 1980. Vibonzo vilitufikia vikiwa vimepita mikono mingi, karatasi imelegea, wino umevuja. Palipokuwa na jini sisi tuliona doa, na kaka yangu ndiye aliyetusimulia lililomo. Wenzangu wa rika lile hushikilia kwamba kutoona vizuri ndiko kulikotutisha, nami nimewahi kuutetea msimamo huo mbele ya wanafunzi. Leo naamini tulichokiogopa ni sauti ya kaka. Mchoro haukutufanya lolote.

Mike Mignola, Mmarekani aliyeanza mfululizo wa Hellboy mwaka 1994, huijaza kurasa zake weusi mzito, lakini jicho halipotei: huacha ukingo wa mwanga begani au kidoleni, na msomaji akajua adui amesimama wapi. Kentaro Miura wa Japani, katika Berserk, alitumia njia nyingine, mistari isiyohesabika ya magamba na meno. Hata hivyo umbo kubwa husomeka kwanza. Na hapa kwetu James Gayo alimchora Kingo bila maneno. Mchoro wa namna hiyo usipoeleweka, hakuna kaka wa kuuokoa.

Hayo yote nilimweleza, pengine kwa urefu kupita kiasi. Ualimu ni ugonjwa. Kisha nikafika fremu ya mwisho. Kando ya lori alisimama mtu wa nne, mnunuzi wa mkaa, naye pia amemezwa na wino. Msitu ule umekatwa kweli, ndugu msomaji, na mkaa wake umepikia vyungu vya Dar es Salaam, changu kikiwamo nilipoishi huko. Katika hadithi nzima huyu ndiye mtu pekee anayeondoka salama, na hana uso.

Nilimwuliza kama amemficha kwa sanaa au kwa woga.

Alinyamaza muda mrefu, akizungusha kikombe. Ndipo nilipokumbuka lori la shemeji yangu, baba yake, na ada ya shule iliyolipwa nalo miaka yote. Niliona haya kwa swali langu, lakini sikulifuta.

Jumapili iliyopita alinitumia kwa simu ukurasa wa 19 aliourudia. Mkono wa mzimu sasa una kucha na gome la mti, umeshika shingo ya mtu ambaye macho yake yanaonekana. Nilishtuka, nikaiweka simu chini. Fremu ya mwisho hakuituma, nami sijamwuliza.