Feki

Leo nina neno moja tu: feki.

Waingereza wametuachia maneno kibao, bize, siriasi, fiti, lakini hili linapiga kazi kuliko yote. Halijui ngeli: simu feki, cheti feki, vyeti feki, watu feki, lenyewe halibadiliki. Tumelifanya hata kitenzi, "jamaa anafeki," yaani anajifanya. Kuna kucha feki, tabasamu feki, mapenzi feki. Usiku wa Juni 16, 2016 TCRA ilipozima simu feki, rafiki yangu mmoja simu yake ikafa, basi tukamwita yeye mwenyewe Feki karibu mwezi mzima. Lishike hilo, nitalirudia.

Kumbe "bandia" tulikuwa nalo siku zote. Ila bandia ni pole zaidi. Meno ya bandia, mguu wa bandia, mtoto wa bandia wa kuchezea. Hakuna anayemwambia mzee aliyekatwa mguu kwamba ana mguu feki, labda kama anatafuta kupigwa nao! Ndiyo, noti bandia ipo, lakini hiyo ni lugha ya polisi na ya sisi waandishi. Mtaani ukisema feki, unamtafuta mtu aliyekudanganya.

Aprili 28, 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Viongozi wa kisiasa hawakuhusika na uhakiki ule, na kwa ubunge Katiba inataka tu ujue kusoma na kuandika. Kule kwetu Lukuledi, Masasi, mmoja wa hao 9,932 alikuwa mwalimu wangu wa Kiingereza wa shule ya msingi. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa cha kaka yake. Hata jina tulilokuwa tukimwitia shikamoo, lilikuwa la kaka yake.

Sitamtetea kwa hilo. Kuna mtu alifaulu kihalali akakosa nafasi ile. Lakini Kiingereza changu kinachonipa mkate leo ni chake, na mpaka sasa sijaona mahali kilipo feki.

Mwaka 2022 Serikali iliporuhusu watumishi wale warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii, niliandika habari. Nikaandika "walimu walioondolewa kwa vyeti feki." Chumba cha habari kikakata, kichwa kikatoka WALIMU FEKI. Sikubisha. Nilikuwa mgeni kazini, na ukweli ni kwamba nilifurahi kuona jina langu chini yake.

Mwezi wa sita uliofuata nikaenda nyumbani. Ni msimu wa kupulizia mikorosho, na mama alikuwa amenunua salfa kwa mchuuzi asiyemjua. Ubwiriunga ukishika maua na salfa yako ni unga wa ajabuajabu, mwaka huo huna korosho. Mama akasema, "Muite mwalimu aiangalie." Siku hizi yeye ndiye anayepulizia mashamba ya watu kwa malipo, mashine mgongoni. Kijijini wapo wanaomwita mwalimu feki, na hao hao humwita aje kuangalia salfa zao.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaniangalia kidogo.

"Ile habari ya walimu feki uliandika wewe?"

"Kichwa hakikuwa changu, mwalimu."

"Kivumishi kinakaa na nomino yake. Nilikufundisha darasa la tano. Kilichokuwa feki ni nini pale?"

"Cheti, mwalimu."

"Sasa kwenye gazeti kilikaa wapi?"

Nikanyamaza. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, na nilisimama mbele yake mikono nyuma kama mtoto aliyechelewa namba.

Hakuendelea. Akaomba kaa la moto jikoni, akachota salfa kwa ncha za vidole, akainyunyizia juu yake. Ukawaka moto mdogo wa bluu, ikaja ile harufu inayokaba koo, mama akarudi nyuma akikohoa.

"Hii ya kweli," akasema, akaanza kufunga mikanda ya mashine. "Tuanze na ile ya bondeni kabla upepo haujaamka."

Nikabeba mfuko, nikamfuata.