Kikao cha Zamu ya Maji
Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande wa Mto Nduruma. Naandika zamu: nani afungulie maji Jumanne usiku, nani Jumatano alfajiri, nani hakuja kuzibua mfereji mchanga ulipojaa kwenye banio.

Mwaka 2019, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa hapa Tanzania, wagombea wengi wa chama tawala walipita bila kupingwa baada ya wapinzani kuenguliwa na vyama vyao kujitoa. Mikutano ya kijiji ikapoa. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inampa kila mkazi mtu mzima nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, lakini nafasi isiyo na la kuamua haimtoi mtu shambani.

Kikao cha maji hakikupoa. Kiangazi kikikaza, watu hufika kabla ya mwenyekiti. Anasoma mapato na matumizi, anaulizwa faini zilikwenda wapi, na akijikanyaga anaondolewa kwa kunyoosha mikono. Nilimsikia mama mmoja, mkulima wa mboga wa mkiani mwa mfereji, akimwuliza mkubwa wa kijijini: "Mzee, usiku wa zamu yangu maji yalikuwa kwako. Nani alifungua?" Mzee alilipa faini palepale.

Hiyo ndiyo siasa ya mazingira ninayoiamini, yenye uamuzi ndani yake. Kiongozi akishika mche, akapigwa picha na kuondoka, hakuna aliyejifunza kuhoji. Miche ya Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira wa Kenya, iliwatia wakubwa hofu kwa kuwa iliambatana na maswali: mwaka 1989 alihoji jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimama ndani ya Uhuru Park, Nairobi.

Hapa Meru kuhoji si kugeni. Mwaka 1951 mkoloni aliwahamisha watu kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wafuge. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akafika Umoja wa Mataifa, New York. Ombi lile halikurudisha ardhi, ila waliochanga walikuwa raia kabla hawajaitwa hivyo.

Kinachonikera ni kwamba sauti yetu inaishia kwenye mfereji wetu. Shamba kubwa lililo juu yetu lina kibali chake, sisi tunagawana kinachobaki. Tunataka mwenye shamba aje kikaoni, asome mbele ya wote kiasi anachochukua kila siku ya kiangazi. Barua imeandikwa na wanachama wametia saini; ndiyo ajenda ya kwanza ya kikao kijacho.